Drili ya betri: Mambo ya kuangalia kabla fundi hajatoa fedha zake

WAHENGA walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo iliwasuta wavivu waliopoteza asubuhi nzima wakigeuzageuza majembe, ilhali majani yanaota shambani.

Hata hivyo, jembe halifichi kitu. Mkulima huliona bapa lake, huligonga akasikia mlio wake, kisha akajua kama ni chuma imara au ni bati. Drili ya betri ni kinyume chake. Moyo wake umefungwa ndani ya ganda la plastiki, na maandishi yaliyo juu ya ganda hilo yanaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Kwa fundi anayeishi kwa jasho la mikono yake, uongo huo si jambo dogo. Wapo wanaonunua kifaa hicho kwa fedha za mkopo wa kikoba, wakitegemea kazi ya mwezi wa kwanza ilipe marejesho. Drili inapozimika fundi akiwa juu ya ngazi, dari likiwa nusu limefungwa na mwenye nyumba akitazama, kinachopotea si mashine peke yake. Inapotea siku ya kazi, inapotea imani ya mteja, na deni linabaki palepale.

Mahitaji ya mashine hizo yameongezeka kwa sababu zinazoeleweka. Nyumba nyingi hujengwa katika viwanja ambavyo umeme haujafikishwa bado, na hata pale ulipofika, mafundi wa Tanzania hawajasahau mgawo wa miaka ya 2006, 2011, 2022 na 2023. Drili isiyo na waya humwondolea fundi gharama ya jenereta, usumbufu wa kuburuta ekstensheni, na hatari ya waya kukatika katikati ya matope.

Swali linalobaki ni moja: ipi inafaa kununuliwa?

Ilikotoka mashine hii

Kabla ya umeme, seremala alitoboa mbao kwa keekee, kifaa kilichozungushwa kwa nguvu ya mkono. Mwaka 1895, kampuni ya Fein ya mjini Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi. Umbo la bastola lenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole, ambalo ndilo lililoenea duniani kote, lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1917 kwa waanzilishi wa kampuni ya Black & Decker.

Kampuni hiyohiyo ilitoa drili isiyo na waya mwaka 1961. Miaka 10 baadaye, mwaka 1971, wanaanga wa chombo cha Apollo 15 walitumia drili ya betri kutoboa udongo wa mwezi. Tukio hilo ndilo lililozaa dhana potofu kwamba drili ya betri ilibuniwa na shirika la anga la Marekani, NASA, wakati ukweli ni kwamba mashine hiyo ilikwisha kuwapo madukani.

Kwa miaka mingi betri zilizotumika zilikuwa za nikeli na kadimiamu. Zilikuwa nzito, zilipoteza chaji zikiwa zimekaa tu, na kadimiamu ni sumu. Mwaka 2003, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza bisibisi ndogo yenye betri ya lithiamu, na mwaka 2005 kampuni za Makita na Milwaukee zikaleta betri za aina hiyo katika mashine kubwa za kazi. Umoja wa Ulaya nao ulipiga marufuku uuzaji wa betri za kadimiamu kwa ajili ya zana hizo kuanzia mwisho wa mwaka 2016.

Historia hiyo ina faida kwa mnunuzi wa leo. Drili ya mtumba yenye betri ya nikeli na kadimiamu inaweza kuwa na mota nzima kabisa, lakini betri yake huwa imechoka na mbadala wake ni wa shida kupatikana. Bei yake ndogo inatokana na sababu hiyo.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Kosa la kwanza linalofanywa na wanunuzi wengi ni kuuliza jina la kampuni kabla ya kuuliza kazi yenyewe. Fundi umeme anayefunga masanduku ya swichi, seremala anayeunga makabati ya mninga na fundi wa madirisha ya aluminiamu hawahitaji mashine ya aina moja.

Drili za volti 12 ni ndogo na nyepesi, nyingi zikiwa na uzito wa takriban kilo moja pamoja na betri. Nguvu yake ya kusokota, ambayo hupimwa kwa nyutoni mita na kuandikwa kwa herufi Nm, huwa katika kiwango cha Nm 30 hivi. Hiyo inatosha kwa skrubu za makabati, bawaba za milango, dari za jipsamu na matundu madogo kwenye mbao na bati. Fundi anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa siku nzima ataushukuru wepesi wake ifikapo jioni.

Drili za volti 18 ndizo zinazobeba kazi nyingi za ujenzi. Zile ndogo za kundi hilo hutoa Nm 50 hadi 60, na zile kubwa huvuka Nm 100. Hizo ndizo zinazofaa kwa fundi anayetoboa mbao ngumu kwa biti nene, anayekata matundu ya mabomba kwa msumeno wa duara, au anayetoboa vyuma vya milango na mageti.

Eneo linalowapoteza wengi ni zege. Drili nyingi za volti 18 zina alama ya nyundo, na muuzaji atasema kuwa zinatoboa zege. Ni kweli kwa kiasi fulani tu. Ndani ya mashine hizo yamo magurudumu mawili yenye meno yanayogongana wakati yakizunguka, na pigo lake hutegemea jinsi fundi anavyoisukuma mashine ukutani. Kwa tofali la saruji au la kuchoma, na kwa matundu machache ya milimita 6 au 8 ya kuwekea plagi za plastiki, zinafaa.

Lakini kwenye lenta, nguzo au sakafu ya zege lililokomaa, chombo sahihi ni drili nyundo yenye bastola ya hewa ndani, ambayo hupiga yenyewe bila kusukumwa kwa nguvu. Biti zake zina mifereji kwenye mkia, mfumo ujulikanao kama SDS ambao ulianzishwa na Bosch mwaka 1975. Fundi anayelazimisha drili ya kawaida kufanya kazi hiyo kila siku huua gia, huunguza mota na kuichosha mikono yake.

Aidha, ipo mashine ya tatu, nayo ni ile fupi inayokaza skrubu kwa mapigo ya pembeni. Kichwa chake hupokea biti zenye pembe sita za robo inchi, yaani milimita 6.35. Mashine hiyo hukaza skrubu ndefu za paa bila kumsokota fundi kiwiko, lakini haina klachi ya kupima nguvu kama ya drili, na haifai kwa kazi za kutoboa kwa ustadi. Mafundi wengi wa paa na dari hubeba zote mbili: moja hutoboa, nyingine hukaza.

Namba zinazodanganya

Ukweli wa betri ya lithiamu ni wa hesabu nyepesi. Seli moja ina wastani wa volti 3.6 inapofanya kazi. Seli tano zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 18. Seli hizohizo zikiwa zimejaa chaji huwa na takriban volti 4 kila moja, na jumla yake ni 20. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa volti 18 na nyingine iliyoandikwa volti 20 zina betri ya kiwango kilekile. Tofauti ni lugha ya tangazo tu.

Kikomo cha juu kabisa cha seli iliyojaa ni volti 4.2, hivyo seli tano haziwezi kuvuka volti 21. Pamoja na ukweli huo, zipo drili za bei nafuu zinazobandikwa namba kama 48, 88, 128 au hata zaidi, namba hizo zikifuatwa na herufi VF. Mnunuzi asiyefahamu hudhani amepata mashine yenye nguvu mara saba ya ile ya volti 18.

Hesabu inakataa. Ili betri ya lithiamu ifikie volti 128, ingehitaji seli zaidi ya 30 kwa mfuatano. Seli ya kawaida ya zana hizo, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Seli peke yake zingekuwa na uzito unaokaribia kilo moja na nusu, na betri ingekuwa kubwa kama tofali. Pakiti inayoenea kiganjani haiwezi kubeba kitu hicho.

Udanganyifu wa pili uko kwenye ujazo wa betri, unaopimwa kwa ampea-saa na kuandikwa Ah. Seli nzuri kabisa ya ukubwa uliotajwa hubeba takriban Ah 3.5. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuvuka kiwango hicho, na yenye safu mbili, yaani seli 10, haiwezi kuvuka Ah 7. Zipo seli kubwa zaidi, zenye upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 70, ambazo zilizozoeleka hubeba Ah 4 hadi 5, lakini betri zake huonekana wazi kuwa nene.

Kwa sababu hiyo, mizani ni shahidi mzuri. Betri ya volti 18 iliyoandikwa Ah 5 kwa kawaida ina seli 10, na seli hizo peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya kuongeza ganda. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, ama seli ni pungufu ama ni za ubora wa chini.

Anayetaka kulinganisha betri mbili kwa haki azidishe volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 ina wati-saa 36, na yenye Ah 5 ina wati-saa 90. Hiyo ndiyo akiba halisi ya nishati, na ndiyo inayoeleza kazi itakayofanyika kabla ya kurudi kwenye chaja.

Hata namba ya Nm inahitaji kusomwa kwa makini. Watengenezaji hupima nguvu ya kusokota kwa namna mbili: pale skrubu inapozama taratibu kwenye mbao, na pale inapokwama ghafla kwenye chuma. Namba ya pili daima ni kubwa zaidi, na ndiyo inayopewa nafasi kwenye boksi. Kulinganisha namba ya kwanza ya kampuni moja na ya pili ya kampuni nyingine ni kulinganisha vitu visivyofanana.

Mota, gia na kichwa

Mota za drili ziko za aina mbili. Ya kwanza ina brashi za kaboni zinazosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Brashi hizo huliwa polepole, hutoa cheche na joto, na sehemu ya nishati ya betri hupotelea humo. Mota ya aina hiyo ni nafuu, na ikiwa imetengenezwa vizuri, brashi hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Ya pili haina brashi. Mzunguko wake huongozwa na bodi ndogo ya elektroniki. Hutumia betri vizuri zaidi, huwa fupi kwa umbo, na hudumu muda mrefu kwa kuwa hakuna kinachosuguana ndani yake isipokuwa beringi. Udhaifu wake ni mmoja: bodi ikiungua, matengenezo yake ni ghali na si kila fundi wa mtaani ataweza kuyafanya.

Kwa anayetumia drili kila siku, mota isiyo na brashi hurudisha gharama yake. Kwa anayeitumia mara mbili kwa wiki, mota nzuri yenye brashi inatosha, mradi brashi zake zinauzwa.

Gia nazo zina habari yake. Drili ya kazi huwa na swichi ya mwendo mbili juu ya mgongo. Mwendo wa kwanza ni wa polepole, kwa kawaida usiozidi mizunguko 500 kwa dakika, na ndio wenye nguvu ya kukaza na kutoboa matundu makubwa. Wa pili hufikia mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa ajili ya matundu madogo. Drili yenye mwendo mmoja tu ni ya kazi za nyumbani.

Pete yenye namba iliyo nyuma ya kichwa ndiyo klachi. Kazi yake ni kuachia pale skrubu inapofika mahali pake ili isizame kupita kiasi wala kukatika shingo. Kwa fundi wa jipsamu, klachi mbovu maana yake ni mbao za dari zilizopasuka karatasi yake na skrubu zisizoshika.

Kichwa kinachoshika biti hupokea biti hadi milimita 10 kwa drili ndogo na milimita 13 kwa kubwa. Kilichotengenezwa kwa chuma hudumu kuliko cha plastiki, hasa kwa anayetoboa kuta, kwa sababu vumbi la saruji hula plastiki mithili ya msasa.

Betri ndiyo gharama

Mafundi wazoefu hufahamu kuwa anayenunua drili hununua pia ukoo mzima. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, isipokuwa pale kampuni zilipokubaliana. Kwa hiyo, drili ya kwanza ndiyo inayoamua msumeno, grenda na taa vitakavyofuata.

Bosch, Makita, DeWalt, Milwaukee na HiKOKI, ambayo zamani iliitwa Hitachi, ni miongoni mwa majina ya siku nyingi duniani. Ingco na Total za China nazo zimeenea katika maduka ya Afrika Mashariki kwa bei za chini zaidi. Kila kampuni ina mashine za ngazi tofauti, na jina peke yake halitoshi. Swali lenye uzito zaidi kwa fundi aliyeko Tabora, Songea au Kisumu ni kama betri, brashi na swichi vya mashine hiyo vinapatikana mjini kwake, na kwa bei gani.

Kwa mfano wa hesabu tu, drili ya shilingi 90,000 inayokufa kila baada ya miezi sita humlazimu fundi kununua nane ndani ya miaka minne. Hiyo ni shilingi 720,000, bila kuhesabu siku alizokaa bila kazi. Drili ya shilingi 360,000 inayodumu miaka hiyo minne, ikiongezewa betri moja ya shilingi 120,000 katikati ya safari, itakuwa imemgharimu shilingi 480,000. Aliyedhani ameokoa ndiye aliyelipa zaidi.

Hata hivyo, hesabu hiyo hugeuka iwapo betri ya mashine ghali haipatikani. Mashine bora isiyo na betri ni pambo la rafu.

Betri mbili za ujazo wa kati mara nyingi ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa moja hufanya kazi nyingine ikiwa kwenye chaja. Muda wa kuchaji hukadiriwa kwa kugawanya Ah za betri kwa ampea za chaja. Betri ya Ah 4 kwenye chaja ya ampea 2 itachukua saa mbili na dakika kadhaa. Chaja ya kasi hupunguza muda huo, lakini huuzwa peke yake mara nyingi.

Joto ndilo adui mkubwa wa lithiamu. Watengenezaji wengi huonya betri isichajiwe ikiwa na joto linalozidi nyuzi 40 hadi 45. Ndani ya gari lililofungwa vioo chini ya jua la Dar es Salaam au Mombasa, kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Betri iliyotoka kufanya kazi nzito iachwe kivulini ipoe kwanza, na ile itakayokaa wiki kadhaa bila kutumika iwekwe mahali penye ubaridi ikiwa na chaji nusu hivi.

Chaja na umeme wa nchi

Mtego mwingine uko kwenye vifaa vya mtumba na vile vinavyoletwa na ndugu walioko ughaibuni. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni 120. Chaja iliyotengenezwa kwa nchi hizo, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, huungua papo hapo.

Uingereza hutumia volti 230 majumbani, lakini katika maeneo yake ya ujenzi zana nyingi hutumia volti 110 kwa sababu za usalama, na plagi zake ni za rangi ya njano. Chaja za aina hiyo nazo huingia sokoni pamoja na mitumba. Ni lazima mnunuzi ageuze chaja na kusoma maandishi ya chini yake. Kama hayataji volti 220 hadi 240, atahitaji transfoma, na gharama ya transfoma iingizwe kwenye bei.

Jinsi ya kuikwepa bidhaa bandia

Nchini Tanzania, Shirika la Viwango (TBS) lililoanzishwa mwaka 1975 husimamia ubora wa bidhaa, wakati Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya ina Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (Kebs), pamoja na mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi iliyotokana na sheria ya mwaka 2008.

Pamoja na kuwapo kwa vyombo hivyo, ulinzi wa kwanza ni macho ya mnunuzi. Namba ya utambulisho iliyo kwenye mashine ifanane na ile ya boksi. Maandishi yasiwe na makosa ya tahajia. Rangi isiwe imefifia, na ganda lisiwe na kingo kali zilizoachwa na kalibu. Kitabu cha maelezo kitaje kiwango cha usalama cha zana za mkononi, ambacho kwa mashine za sasa ni IEC 62841 au EN 62841.

Mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la duka, aina ya mashine na tarehe. Dhamana, maarufu kwa jina la waranti, haina maana bila karatasi hiyo. Aulize pia dhamana inahusu nini, kwa kuwa mara nyingi betri na chaja hupewa muda mfupi kuliko mashine, au huachwa nje kabisa.

Majaribio ya dakika 10

Muuzaji mwaminifu hamkatazi mteja kujaribu. Jaribio la kwanza ni kufunga biti ndefu iliyonyooka na kuizungusha polepole. Ncha ikiyumba kama kinu, kichwa au mhimili umepinda, na matundu yatakuwa mapana kuliko biti.

Pili, kitufe kibonyezwe kidogo kidogo. Mashine nzuri huanza taratibu na kuongeza kasi kadiri kidole kinavyobana. Ile inayoruka kutoka kimya hadi kasi kamili haitamfaa anayeanzisha tundu kwenye kigae. Kidole kikiachiwa, kichwa kisimame mara moja. Kikiendelea kujizungukia, breki haipo.

Tatu, klachi iwekwe kwenye namba ya chini kabisa, kisha skrubu ikazwe kwenye kipande cha mbao. Iachie mapema kwa mlio wa kukatakata. Ipandishwe namba moja moja, na tofauti ionekane.

Nne, mashine ifanyishwe kazi nzito kwa dakika mbili au tatu, kama vile kutoboa ubao mgumu kwa biti nene. Harufu ya kuungua, cheche nyingi zinazoonekana kwenye matundu ya hewa au ganda kuwa la moto ni dalili za kuiacha dukani.

Tano, betri itikiswe ikiwa imechomekwa. Ikicheza, miguso ya umeme itachomeka baada ya muda mfupi.

Mkono ni mtaji

Nguvu inayosifiwa kwenye boksi inaweza pia kumdhuru fundi. Biti inapokwama kwenye nondo au kwenye fundo la mti, mashine yenye Nm 100 haisimami. Badala yake, huzungusha mkono ulioishika, na kifundo cha mkono kinaweza kuvunjika. Mashine za kiwango hicho huja na mkono wa pembeni, na mkono huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Baadhi ya mashine za siku hizi zina kihisi kinachokata nguvu pale mashine inapoanza kuzunguka yenyewe, na ni sifa inayostahili kulipiwa.

Wengine hudhani kuwa drili ya betri haiwezi kumpiga fundi shoti. Dhana hiyo ni ya hatari. Biti ikikutana na waya wenye umeme uliofichwa ndani ya ukuta, umeme huo unaweza kupita kwenye biti na kichwa cha chuma hadi mkononi. Umeme wa nyumba uzimwe, na njia za nyaya na mabomba zijulikane, kabla ya tundu la kwanza.

Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi ni sehemu ya bei ya drili. Vumbi la zege na tofali lina silika, ambayo huharibu mapafu kidogo kidogo kwa miaka, na mapafu yaliyoharibika hayana spea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake, lakini fundi aliyejiajiri hana mwingine wa kumkumbusha.

Baada ya yote hayo, anayesimama mbele ya kaunta akiwa na mashine mbili zinazolingana kwa bei na kwa namba hahitaji kumuuliza muuzaji ipi ni nzuri, kwa maana jibu litakuwa ile ambayo haijapata mnunuzi. Amwulize badala yake betri ya kila moja inauzwa kiasi gani peke yake, na aombe aonyeshwe iliyopo dukani. Mashine ambayo betri yake ya akiba iko rafuni, ina bei inayojulikana, na duka liko tayari kuiandikia risiti, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa bado kazini mwakani.